Gemu ya Filamu Isubiri Wiki Mbili

Nilipigwa hela. Ilikuwa gemu ya shujaa mmoja wa filamu ambaye mdogo wangu alikuwa amembandika ukutani. Tukachanga pesa miezi miwili, tukanunua bando la usiku, tukaiacha kompyuta ishushe gemu mpaka alfajiri. Saa nne asubuhi shujaa wetu alikuwa amenasa ukutani, miguu huku, kichwa kule, na maadui wamesimama wanamtazama kama abiria wanaosubiri daladala. Mdogo wangu akaweka pedi chini, akaenda zake uwanjani. Jina la gemu nitalimeza.

Siku hizi kitu cha kwanza ninachoangalia ni tarehe. Gemu inayotoka sambamba na filamu yake naiogopa, maana filamu haimsubiri mtu, na mafundi wakibanwa hupunguza majaribio kwanza. Kisa cha wazee wetu wa gemu ni E.T. ya kampuni ya Atari, mwaka 1982, iliyotokana na filamu ya kiumbe mgeni wa jina hilo. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takriban wiki tano tu ili iwahi Krismasi. Ukiicheza, E.T. anatumbukia shimoni, unamtoa, hatua mbili mbele katumbukia tena. Mwaka 1983 Atari walikwenda kufukia shehena ya kaseti za gemu jalalani huko Alamogordo, New Mexico. Zilipofukuliwa mwaka 2014, za E.T. zilikuwemo. Watu humcheka Warshaw mpaka leo, mimi simcheki. Huyohuyo ndiye aliyetengeneza Yars' Revenge, gemu iliyopendwa sana kwenye mashine hiyohiyo ya Atari. Kilichomponza ni kalenda.

Lakini hata muda ukiwepo, tangazo linaweza kukudanganya. Aliens: Colonial Marines, gemu ya filamu za Alien, ilitoka Februari 2013, na walioona video zake za maonyesho walishangaa jinsi gemu yenyewe ilivyofifia. Viumbe wa kutisha walikuwa wanakimbia ovyo kama kuku waliofunguliwa bandani. Miaka kadhaa baadaye ikagundulika kwamba kwenye faili la mipangilio, neno la Kiingereza "tether" limeandikwa "teather". Herufi moja tu imezidi! Wachezaji wakaifuta wenyewe, na viumbe wakaanza kuonyesha akili kiasi. Hapo nilicheka, halafu nikawaza walionunua siku ya kwanza kwa bei kamili.

Sasa tazama hili: mwaka 2014 kampuni ya Sega, waliosambaza hiyo mbovu, walitoa Alien: Isolation. Jina la ukoo ni lile lile, ila safari hii waliotengeneza ni Creative Assembly wa Uingereza, na kiumbe mmoja tu anayekuwinda anatosha kukufanya ujifiche kabatini huku umeshika pumzi. Kwa hiyo swali langu la pili huwa: kaitengeneza nani, na kabla ya hapo alitengeneza nini?

Usidhani ni filamu tu. GTA San Andreas, ile ambayo wengi wetu tulikariri kodi zake za siri (cheats) kwenye daftari la shule, ilirudishwa Novemba 2021 pamoja na wenzake wawili kwa sura mpya. Nyuso zilivimba, mvua ilidondoka kama pazia la shanga mpaka barabara haionekani. Rockstar, kampuni yenye GTA, waliomba radhi, na matoleo ya zamani ya kompyuta waliyokuwa wameyaondoa sokoni wakayarudisha.

Ninachofanya mimi ni kusubiri wiki mbili. Katika wiki hizo natafuta video ya mchezaji wa kawaida, asiyelipwa, anayecheza dakika ishirini bila kukatakata, na nasoma malalamiko ya watu wenye kompyuta dhaifu kama yangu, maana hao ndio watakaokwambia gemu inaganda wapi. Kama unanunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, kumbuka unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili. Basi hizo saa mbili usizimalizie kwenye kumchagulia mhusika nywele. Ingia vitani, endesha gari, gonga ukuta uone kama utapita.

Sisi hilo hatukulijua. Tulicheza saa tano, mdogo wangu akisema kila baada ya muda, "Kaka, subiri, mbele huko itachangamka."