Draiva ndani ya kerneli au moduli?

Kaka, umeuliza kama kompyuta za steshenari yako hapo Ngamiani uzijengee kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) yenye draiva zote (programu za kuendesha vifaa) ndani, au draiva uziache ziwe moduli, yaani vipande vinavyopakiwa vikihitajika. Ziache moduli. Wateja wanachomeka flashi, simu, printa za kila aina. Linux inakitambua kifaa, inapakia draiva yake papo hapo, na faili la kifaa hicho linatokea kwenye /dev, folda ya mafaili ya vifaa. Ukijengea ndani, draiva moja uliyoisahau ni kukompaili (kuijenga) kerneli upya, na kwa mashine kuukuu hapo utakesha.

Ila draiva ya diski na ya mfumo wa mafaili, kwenye mipangilio ya kerneli weka y (ijengwe ndani), si m (moduli), au hakikisha zimo kwenye initramfs, kifurushi kidogo kinachopakiwa mwanzo mashine inapowaka. La sivyo mashine itakwama inapowaka. Na kwenye fstab (faili la orodha ya diski za kuunganishwa) andika UUID, namba ya utambulisho wa diski isiyobadilika kila ukiwasha, maana diski iliyopewa jina sdb leo kesho yaweza kuwa sdc.