Unataka kumsaidia mtoto? Anza na anayemlea

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuwasaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu, jibu langu humshangaza kidogo: usianze na mtoto. Anza na yule anayemwamsha asubuhi na kumfulia nguo. Huenda ni bibi, shangazi, mama aliyeachwa peke yake, au kaka aliyebebeshwa ulezi akiwa bado kijana mdogo. Mara nyingi mtu huyo hajapungukiwa na upendo. Amezidiwa tu.

Nimekuwa nikisaidia watoto kwa miaka mingi kwa mshahara wa kawaida, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mlezi akipata kazi, mtaji mdogo au matibabu ya uhakika, nyumba nzima hunyanyuka, pamoja na yule mtoto mkimya ambaye wageni hawamtazami mara mbili. Lakini ukimchagua mmoja, ukamvika na kumsomesha, wenzake ukawaacha vilevile, umepanda wivu ndani ya nyumba ambayo wewe hulali. Atakayeubeba ni mtoto.

Wengi wetu mawazo hukimbilia vituo vya kulelea yatima. Ni rahisi: watoto wako pamoja, unakabidhi mchango, unaondoka umeridhika. Ila tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wengi wa watoto hao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wamefikishwa pale na umaskini, au ulemavu uliokosa huduma karibu na nyumbani. Huko Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi za mjini Bucharest. Waliochaguliwa kwa bahati nasibu kwenda kulelewa na familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko waliobaki, hasa waliohama kabla ya kufikisha miaka miwili. Na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozihimiza nchi kuachana hatua kwa hatua na malezi ya taasisi, na kuonya pia kuhusu madhara ya watalii wanaokwenda kujitolea katika vituo vya yatima. Mtoto anayezoea mgeni leo na kumpoteza wiki ijayo, kisha akaletewa mwingine, hujifunza kutomwamini mtu.

Wapo watoto ambao kwa kweli hawana pengine pa kwenda. Kituo chao kikiomba msaada, uliza kama kimesajiliwa, kinatafutaje ndugu wa watoto, na ni watoto wangapi wamerudi kwa jamaa zao. Msimamizi akikasirishwa na swali hilo la mwisho, mimi hufunga mkoba wangu.

Sasa pesa. Ahidi kile utakachoweza kutoa hata mwaka ambao mambo yako yameharibika. Kabla sijakubali kumsomesha mtoto huwa nina akiba ya muhula mmoja mzima pembeni, kwa sababu kumrudisha mtoto nyumbani katikati ya mwaka kwa kuwa mfadhili ameyumba ni kumwaibisha mbele ya darasa zima. Ada ilipe moja kwa moja shuleni na umpe mlezi nakala ya risiti. Kisha ulizia yale yasiyoandikwa kwenye fomu: nauli, madaftari, taulo za kike, miwani. Nimemjua mtoto aliyeitwa mzito wa kuelewa kumbe haoni ubaoni.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Kwa mtoto nadhani ushauri huo ni nusu tu. Usingoje shukrani, sawa, lakini usiende zako. Ukisema utakuja Jumamosi, njoo Jumamosi, na ukishindwa toa taarifa mapema. Kutana naye mlezi akijua na watu wengine wakiwapo. Ukiombwa vitambulisho au ukahojiwa kwanza, usinune. Hao ndio wanaomlinda mtoto sawasawa.

Kuhusu picha nina msimamo mkali: sizipigi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalinda faragha ya mtoto katika kifungu cha 16, na umaskini hauifuti. Picha ya mtoto wa miaka saba amevaa nguo zilizochanika itakuwa bado mtandaoni siku anapoomba kazi. Kifungu cha 12 cha mkataba huohuo kinampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na hapo ndipo wafadhili tunapopatwa na ukaidi. Tunataka daktari, kijana anataka kuchomelea vyuma. Mwache achomelee. Fedha ni zako, maisha ni yake.

Mwisho wa ufadhili nao unapangwa. Mwaka wa mwisho unapoanza, kaa na kijana pamoja na mlezi wake, mwambie waziwazi utalipia nini na utakoma lini. Ada ya kuchukulia vyeti na nauli ya kwenda kwenye usaili wa kazi mimi huziweka pembeni mapema, kwa sababu wafadhili wengi huzisahau na bila hizo cheti kinaweza kukaa ofisini miezi mingi kikimsubiri mwenyewe.