Maswali ya wasomaji: kontrola inatuliza mtetemo mmoja, inaamsha mwingine

Shikamoo fundi. Niko mwaka wa pili chuo, Mbeya. Nimebana rula ya chuma ya sentimita 30 kwenye klempu upande mmoja, kwenye ncha nimegandisha sensa ya mchapuko (inapima kasi inavyobadilika) aina ya MPU6050 na kisumaku, chini yake kuna koili niliyoichomoa kwenye spika mbovu. Arduino, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inasoma mchapuko, inaujumlisha kupata kasi, halafu inaiamuru koili isukume kinyume na ile kasi. Filta ya ndani ya sensa nimeiweka Hz 44 (Hz ni mara ngapi kwa sekunde) ili namba zisirukeruke na kila kitu nakiangalia kwenye laptop kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Ukiipiga rula kidole inacheza kama Hz 8 na kontrola inaituliza vizuri tu, ila nikipandisha geini (kontrola isukume kwa nguvu zaidi) inaanza kuvuma yenyewe bila kuguswa, sauti nzito kama transfoma. Wenzangu wanasema koili ni dhaifu ninunue kubwa, na hela sina.

Marahaba. Hela yako iache mfukoni, koili kubwa ingevuma zaidi. Nguvu unayo ya kutosha, shida ni kwamba inafika imechelewa.

Twende taratibu. 9600 ni kama herufi 960 kwa sekunde, yaani kila herufi inakula karibu milisekunde moja, sasa ukituma namba ya herufi nane na alama mbili za kumaliza mstari hizo ni milisekunde 10 na programu haiwezi kuzunguka haraka kuliko hapo. Maana yake unaiangalia rula mara 100 tu kwa sekunde, na kila amri ya koili inakaa milisekunde 10 ndo ibadilishwe, kwa wastani hapo umechelewa 5. Ongeza ile filta, ukiiweka 44 yenyewe inachelewesha milisekunde 4.9 (iko kwenye karatasi ya sensa, wengi hawaisomi). Jumla kama 10.

Kwa Hz 8 mzunguko mmoja ni milisekunde 125, ukichelewa 10 bado muda mwingi unasukuma kinyume, ndo maana inatulia. Lakini rula haina mtetemo mmoja bana. Rula iliyobanwa upande mmoja, mtetemo wake wa pili uko kama mara 6.3 ya ule wa kwanza, kwako wewe ni karibu Hz 50, na huo mzunguko wake ni milisekunde 20. Chelewa 10 hapo, hiyo ni nusu mzunguko, yaani kila unapodhani unaizuia unaisindikiza inakokwenda, na ukiongeza geini unaisindikiza kwa bidii zaidi. Ile sauti ya transfoma ndo hiyo, transfoma za kwetu zinavuma Hz 100 ila kwa sikio ziko jirani. Unataka uhakika? Rula ikiwa inavuma mwagia mchanga laini kidogo juu yake, ukijikusanya mstari mmoja sentimita 23 au 24 kutoka kwenye klempu basi ni mtetemo wa pili huo, hapo ndo pasipocheza.

Dawa. Hiyo kuchapisha namba kwenye laptop itoe kabisa ndani ya mzunguko wa programu, au panda 115200 na uchape mara moja kila mizunguko 50. Soma mhimili mmoja tu wa sensa, mingine huihitaji, na waya wa I2C (unaounganisha sensa na Arduino) uweke 400 kHz. Filta ipeleke 184, ucheleweshaji unashuka hadi milisekunde 2. Halafu mzunguko wa programu uufunge kwa saa, mara 1000 kwa sekunde, usiuache ukimbie unavyotaka. Utabaki na kama milisekunde 2.5 za kuchelewa na Hz 50 itaanza kutulizwa badala ya kusukumwa. Sisemi geini haitakuwa na mwisho, utafika mahali mtetemo wa tatu uamke, huo uko karibu Hz 140.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Acha kujumlisha mchapuko, kwanza kule kujumlisha kunakuletea namba inayohama polepole mpaka koili inapata moto bure. Pitisha mchapuko kwenye filta ya daraja la pili (inapitisha mitetemo ya polepole, inazuia ya haraka) uliyoiandika mwenyewe kwenye programu, iweke Hz 8, damping (kipimo cha kufifisha mtetemo) 0.3. Pale kwenye Hz 8 filta inachelewesha robo mzunguko, na mchapuko uliochelewa robo mzunguko unaendana na kasi, ndo kitu ulichokuwa unakitafuta, ila kwenye Hz 50 inapitisha kama mara 10 pungufu ya ile njia yako ya kujumlisha. Ndugu yake inayotumia mkao (ncha iko wapi) badala ya mchapuko iliandikwa na watafiti Goh na Caughey mwaka 1985, wakifikiria vyombo vikubwa vya angani.

Umefanya kitu kimoja cha maana sana labda bila kujua: sensa na sumaku viko sehemu moja. Ungeweka sumaku katikati ungelia, kwa sababu kwenye mtetemo wa pili ncha ikipanda katikati inashuka, ishara yako (upande wa kusukuma) ingegeuka hata bila kuchelewa.

Kaka, nina mashine ya kusaga ya nyundo, siku hizi inatikisika mpaka sakafu. Kijana wangu anasema tuifunge sensa na kompyuta iitulize. Itawezekana? Msomaji, Morogoro

Kijana ana akili ila hapo anapoteza hela zako mzee wangu. Kontrola ya namna hii inaongeza damping, na damping inasaidia pale mashine inapozunguka karibu na mtetemo wake wa asili (ule inaotetemeka yenyewe ukiigonga), mbali na hapo haifanyi kitu cha maana. Zima umeme usikilize inavyopunguza mwendo: ikifika mwendo fulani ikatikisika sana halafu ikatulia, upo mtetemo wa asili chini ya mwendo wa kazi. Kama inapungua tu kidogokidogo, hapo ni uzito hauko sawa. Fungua kifuniko uangalie nyundo, nahisi zimelika upande mmoja au kuna mtu alibadilisha moja akaacha ya upande wa pili. Zipime kwa mizani, zinazotazamana ziwe uzito mmoja. Halafu boliti za chini.

Lile daraja la London lililoyumba 2000, kwa nini hawakuweka kompyuta?

Millennium Bridge lilifunguliwa Juni 10, siku mbili baadaye likafungwa. Cha ajabu ni kwamba watu wenyewe ndo walikuwa fidibeki (majibu yanayorudi na kuusukuma mtetemo): daraja likienda pembeni kila mtu anapanua miguu asianguke, na ile kusukuma inaangukia upande ule ule daraja linakokwenda, kama kontrola ya kijana wa Mbeya ikichelewa. Wakafunga dampa (vifyonza mtetemo) za mafuta 37 na vizito vya kwenye springi zaidi ya 50, likafunguliwa tena 2002. Kompyuta ingewezekana, Tokyo kuna jengo la ghorofa 11, Kyobashi Seiwa, tangu 1989 lilifungwa vizito juu vinavyosukumwa kwa amri ya kompyuta. Ila dampa ya mafuta haihitaji sensa, haihitaji umeme, na haiwezi kukosea ishara.