Kabla hujaiita namba kubwa tasa

Ukipewa namba kama 1234567890 uichambue kuwa vigawo vyake tasa, yaani visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe, usikimbilie kikokotoo. Itazame kwanza. Inaishia na 0, basi 2 na 5 zimo. Jumlisha tarakimu zake upate 45, kwa hiyo 9 nayo imo. Hata ukizipangua tarakimu hizo kumi utakavyo, 9 haitoki, maana jumla ni ileile. Gawanya kwa 90, unabaki na 13717421.

Hapo ndipo nilipokwama nilipokuwa mgeni kama wewe. Nilijaribu 7, 11, 13, nikapanda na orodha ya namba tasa nikikata moja baada ya nyingine daftarini. Nilipovuka 1000 mkono ulikuwa umechoka, nikaandika "tasa" na nikaamini hivyo kabisa. Nilikosea. Huruhusiwi kuacha mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa ni 3703 na ushei. Kigawo nilichokikosa ni 3607.

Kinachoniuma hadi leo si uchovu ule, ni kwamba ningeanzia upande wa pili ningekipata kwa hatua mbili. Njia hiyo ni ya Mfaransa Pierre de Fermat, wa karne ya 17. Chukua namba nzima iliyo juu kidogo ya kipeuo, yaani 3704. Izidishe kwa yenyewe, utoe 13717421: inabaki 2195, ambayo si namba ya mraba. Nenda 3705. Safari hii inabaki 9604, nayo ni 98 mara 98! Basi vigawo ni 3705 − 98 na 3705 + 98, yaani 3607 na 3803. Vyote viwili ni tasa. Fanya hesabu hii kwa mkono wako walau mara moja. Kuisoma tu hakutoshi.

Lakini usiigeuze kuwa dawa ya kila namba. Inakwenda haraka pale vigawo viwili vinapokaribiana. Fermat mwenyewe aliamini kwamba 4294967297 ni tasa, mpaka mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alipoonyesha kuwa ni 641 × 6700417. Vigawo hivyo vimeachana mno: ukianzia kwenye kipeuo utapiga hatua zaidi ya milioni tatu, ilhali ukianzia chini, 641 ni namba tasa ya 116 tu.

Kwa hiyo mimi siku hizi naanza na tasa ndogo hadi mia kadhaa, kisha naruka kwenye kipeuo na kujaribu hatua kumi au ishirini, ndipo narudi kwenye kazi ndefu ya katikati. Nikipata vigawo, nazidisha kurudi nilikotoka: 3607 × 3803, kisha mara 90. Tarakimu moja ikipishana, naanza upya.