Bibi Shamba Anajibu: Mapapai yanalala, nipulize salfa?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nalima mapapai bondeni Mingoyo, karibu na Mto Lukuledi. Tangu mvua zishike, miti ya upande wa chini inageuka njano, majani yananing'inia, kisha mti unalala. Matunda nayo yameota unga mweupe. Jirani yangu mwenye mikorosho anasema ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, nipulize salfa, na anayo iliyobaki msimu uliopita. Duka la pembejeo wao wanasema nimwagie kabendazimu, dawa ya kuua kuvu, shinani. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mingoyo, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kwanza. Salfa huku Kusini imegeuka dawa ya kila kitu kwa sababu kila nyumba haikosi nusu mfuko uliobaki uvunguni. Ubwiriunga wa mkorosho inauweza, sikatai. Mti unaooza mizizi hausaidiki kwa vumbi la juu, na kwenye jua kali salfa hiyo hiyo inaunguza majani.

Anza na tunda. Chukua papai lenye unga, lifute kwa kidole gumba. Unga wa ubwiriunga hufutika, na ganda chini yake ni gumu. Ukikuta pamelowa na kidole kinazama, basi ukungu huo umetokea ndani ya tunda lililooza. Hapo mimi namshuku fitoftora, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinachoozesha mizizi na matunda.

Halafu ng'oa mti mmoja, ila si ule ulioanguka. Mti uliokufa umeshavamiwa na waozeshaji wengine, hautakueleza aliyeanza. Ng'oa ulioanza njano juzijuzi, osha mizizi kwenye ndoo, kisha shika mzizi mwembamba kwa vidole viwili uuvute taratibu. Ganda likivuka kama ala ya kisu, ukabaki na kijiuzi cha katikati, mizizi imeoza. Mizizi yenye manundu ni minyoo fundo, vijinyoo vidogo vinavyoishi mizizini. Mzizi mkuu ukiwa na pango lililojaa udongo, huyo ni mchwa.

Umesema miti inayokufa ni ya upande wa chini. Neno hilo kwangu ni zito kuliko rangi ya majani. Fitoftora hutoa mbegu ndogo mno zenye mikia miwili, zinaogelea kwenye maji ya udongo mpaka zifike mzizini. Maji yakituama, amepata njia. Na ingawa anaonekana kama ukungu, si kuvu halisi, yuko karibu zaidi na mwani. Ndiyo maana kabendazimu haimgusi. Ukoo wake ni mkubwa: ndugu yake mmoja ndiye aliyeozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845.

Unaweza kumtega nyumbani. Pembeni ya shina, ondoa udongo wa juu kina cha vidole vitatu, uchote ulio chini yake hadi shibiri moja, pamoja na vijizizi. Tia viganja viwili kwenye bakuli, mimina maji ya mvua mpaka yaufunike vizuri. Maji ya bomba yenye klorini yanaua kile unachokitafuta. Yakishatulia, weka vipande vya majani machanga ya mlimau vielee juu, weka bakuli kivulini. Tayarisha bakuli la pili kwa udongo wa mahali pasipowahi kuwa na papai wala ugonjwa, ili uwe na cha kulinganisha. Baada ya siku tatu hadi tano, tazama kingo za vipande. Vikiwa na madoa ya kahawia kwenye bakuli la shamba tu, mgeni yumo. Usipoona kitu, usishangilie. Udongo ukiwa mkavu huwa amelala, na mtego mmoja unaweza kumkosa.

Tena mtego huu hunasa pia pithiamu, jamaa yake wa karibu, ambaye naye huozesha mizizi. Vile vijikaratasi vya kupima papo hapo navyo huweza kuwachanganya hao wawili. Wa kuwatenganisha ni mwenye hadubini: fitoftora wa mapapai ana vifuko vyenye umbo la limau na kichuchu nchani.

Kwa hiyo mwone bwana shamba wa kata, mpange sampuli iende kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, si mbali, naye bwana shamba atajua kama wanaipokea wao au iende kwingine. Mizizi iende na udongo wake wenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, usiochuruzika. Tunda lifungwe kwenye gazeti, likatwe mpakani, pale penye uzima na uozo vinapokutana. Andika zao, tarehe na mahali. Usiweke kwenye friji, na usikubali konda aupandishe mzigo huo juu ya basi: jua likiupika, maabara watapokea maiti.

Ukisubiri majibu, chimba mfereji, okota matunda yaliyoanguka uyatoe shambani, na jembe la upande wa chini lisipande juu bila kuoshwa. Ukipanda upya, panda juu ya matuta. Wakulima wa Hawaii hujaza mashimo udongo usiowahi kuotesha papai, maana mizizi michanga ndiyo inayoliwa zaidi.

SWALI: Bibi, nyanya zangu hapa Newala zina mabaka meusi. Ni bakajani chelewa au tangulia?
Mama wa bustani, Newala

JIBU: Dada yangu, tazama baka. Likiwa na miviringo ndani ya miviringo, ni tangulia. Likiwa limelowa, halina miviringo na linakimbia haraka siku za ukungu na baridi, nashuku chelewa, na huyo ni fitoftora pia. Chuma jani usiku, lifunge kwenye mfuko na kitambaa kibichi. Asubuhi geuza upande wa chini: utando mweupe ukiwa umezunguka baka, ni chelewa. Ng'oa miche hiyo leo, uichome au uifukie mbali na bustani.