Juu ya nini mto Ruzizi inatoka ziwa Kivu inashuka kusini?

SWALI: Bonjour yaya. Mimi niko Bukavu, karibu na daraja ya Ruzizi. Mwalimu wetu alisema zamani maji ya ziwa ilikuwa inaenda upande wa Goma. Ni kweli? Na ni nini iliigeuza?

JIBU: Ni kweli kabisa mdogo wangu, na mimi hii habari naipenda sana. Zamani za kale, mbele ya milima ya Virunga kuinuka, maji ya huku ilikuwa inapita kaskazini mpaka ziwa Edward, kumaanisha ilikuwa maji ya Nili! Sasa hapa kwetu dunia inapasuka polepole, ni ile bonde la ufa, na penye inapasuka moto wa chini unapata njia, basi volkano zikatokea na zikaziba bonde sawa vile mtu anaweka ukuta katikati ya mtaro. Maji ikakosa pa kupita, ikapanda, ikapanda, mpaka ikamwagika hapo kwenu Bukavu, ndiyo Ruzizi. Leo inaenda Tanganyika, halafu mto Lukuga, halafu mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki.

Na sababu inakimbia vile ni kwamba Kivu iko karibu metre 1460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770 tu, ndiyo maana waliweka barrage za umeme hapo.

Ile ukuta ingali inajengwa: volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma, ilimwaga moto 1977, 2002 na 2021, na haya mawe meusi tunajengea nyumba Goma ni ya kwake.