Bibi alisema "starved", nikampelekea mkate

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni neno gani la zamani la lahaja, la lugha yoyote, lililowahi kukuchanganya kwa maana zake? Langu ni la Kiingereza, starve, na lilinichanganya saa kumi alfajiri nikiwa zamu ya usiku.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee karibu na Barnsley, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Bibi mmoja wa miaka 90 na ushee akapiga kengele. Nilipoingia akasema, "I'm starved, love." Kiingereza changu nilichosomea Njombe kikanijibu papo hapo: ana njaa. Nikakimbilia jikoni, nikachoma slesi mbili, nikazipaka siagi, nikaweka na chai ya maziwa. Bibi akaitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akanyoosha kidole kuelekea dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, naye anatetemeka. Nikalifunga, nikamvika sweta, nikamwongezea blanketi. Chai aliikubali. Mkate akaniambia nile mwenyewe.

Asubuhi nilipomsimulia mpishi, mzaliwa wa hapohapo, alicheka mpaka akavuta kiti. Kwa wazee wa kwao, starved ni mtu aliyeshikwa na baridi kali. Na mwenye njaa je? Huyo, ukivuka milima ya Pennine kwenda Lancashire, wazee humwita clemmed, neno lenye asili ya kubana. Hilo halikunipa shida, maana hata kwetu njaa inabana.

Tangu siku hiyo nikawa nalifuatilia. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa steorfan, na maana yake ilikuwa kufa, basi. Kufa kwa chochote. Wajerumani ni ndugu zao katika hili, na mpaka leo wanasema sterben. Hata kwa Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, mtu wa kwenye hadithi zake akifa bado anaweza "kusterve" bila njaa wala baridi. Lakini likaja die, ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na lugha ya Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia waliovamia Uingereza zamani, likakalia kiti cha kufa. Starve likabaki na vifo vya kuteseka polepole.

Hapa ndipo Kiswahili kilinisaidia kuliko kamusi. Sisi tunasema kufa njaa, kufa maji, kufa baridi: kitenzi kimoja, kisha kinachoua kinafuata nyuma. Waingereza wa zamani nao walikuwa na mtindo wa kusema mtu "amesterve kwa njaa" au "kwa baridi". Kadiri miaka ilivyokwenda mkia ukakatika, na kitenzi kikameza maana ya kilichokatwa. Kusini wakameza njaa, na kwa kuwa Kiingereza cha vitabuni kimetoka huko, ndiyo hiyo niliyofundishwa shuleni. Kaskazini wakameza baridi. Kwa hiyo bibi yangu hakuwa amekosea Kiingereza, ingawa nakiri kwamba usiku ule nilidhani umri umemchanganya.

Anayetaka ushahidi amtafute Joseph Wright. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1855, akaanza kazi akiwa mtoto, akaingia kiwanda cha nguo, na hakujua kusoma mpaka alipofika kama miaka 15. Mtu huyo ndiye aliyeishia kuwa profesa Oxford na kutoa kamusi ya lahaja za Kiingereza, majuzuu 6, kati ya 1898 na 1905. Nampenda kwa sababu aliyaandika maneno ya watu kama bibi yule bila kuyaita makosa. Walimu wangu wangeyapigia mstari mwekundu.

Mwezi wa saba uliopita nilimpigia mama simu. Njombe wakati huo ukitoka nje alfajiri unakuta majani meupe kwa barafu. Nikamwuliza, "Mama, hali ya huko?"

"Mwanangu, huku tunakufa."

Nikamwuliza, njaa au baridi? Akakaa kimya kidogo, kisha akataka kujua kama huko Ulaya nimeanza kunywa pombe.